Mnyooshaji wa Maoni

Nchi inayosimuliwa hapa haiko karibu na kwetu. Hilo lisemwe mapema, ili msomaji asije akanyanyuka katikati ya hadithi kwenda kuchungulia dirishani. Ni nchi ya mbali. Ina milima, ina migomba, ina mvua za kutosha, na ina kiongozi aliyependa sana kusikiliza. Alijiita Msikivu, na baada ya miaka kumi na tisa madarakani hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake, pengine hata yeye mwenyewe.

Msikivu alikuwa amegundua jambo. Wananchi walikuwa na maoni, na maoni hayo yalizagaa ovyo: saluni, misibani, kwenye foleni ya maji, makanisani wakati wa matangazo. Bungeni tu ndiko hayakuwepo. Ndipo ikatungwa Sheria ya Maoni Mepesi. Kila raia aliyetimiza miaka kumi na minane alitakiwa kutoa maoni yake mepesi kuhusu siasa, uongozi na maisha ya jamii, walau mara moja kwa mwezi, kwa kuyaandika na kuyatumbukiza kwenye sanduku la kijiji chake. Maoni mazito yalipigwa marufuku kwa sababu za kiafya. Tofauti kati ya mepesi na mazito haikuelezwa kwenye sheria, lakini polisi walikuwa wamepewa semina.

Masanduku ya nchi nzima yalisafirishwa hadi Makao Makuu, kwenye jengo la ghorofa saba la Wizara ya Usikivu. Jengo hilo halikuwa na madirisha upande wa barabarani, kwa sababu kelele za watu ziliwasumbua wasikilizaji. Ghorofa ya nne, meza ya tatu kutoka mlangoni, alikaa Asukile, mtu mpole wa miaka thelathini na minane, mwenye mwandiko mzuri na kikombe cha chai kisicho na mkono. Cheo chake kilikuwa Mnyooshaji Daraja la Kwanza.

Kazi ya mnyooshaji haikuwa kusema uongo. Hilo lilisisitizwa siku ya kwanza ya mafunzo na likarudiwa kila Jumatatu. Kwa mujibu wa mwongozo wa Wizara, hakuna mwananchi anayelalamika. Kuna anayepongeza, kuna anayepongeza huku akiomba, na kuna anayepongeza kwa makosa ya kiuandishi. Kundi hilo la tatu ndilo lililokuwa kubwa. Mnyooshaji aliichukua barua, akaisoma kwa makini, akaitafuta pongezi iliyojificha ndani, akaiandika upya kama mwandishi mwenyewe angeiandika laiti angekuwa ameshiba na kulala vizuri.

Na Asukile alikuwa na kipaji. Barua moja kutoka kusini ilisema, "Msikivu ananenepa, sisi tunakonda." Wenzake waliizungusha mezani wiki nzima. Asukile aliinyoosha kabla ya chai: "Wananchi wanafurahi kuona afya ya kiongozi wao inazidi kuwa njema, na wanajivunia kwamba wao pia wamefaulu kupunguza uzito." Ilisomwa kwenye taarifa ya habari. Nyingine ilisema barabara imekufa na magari hayapiti. Akaandika kwamba wananchi wanashukuru kurudishiwa utulivu, na watoto wao sasa wanacheza barabarani bila hofu.

Hakuwa mtu mbaya. Alijiambia kwamba barua asiyoinyoosha yeye itanyooshwa na mwingine, tena vibaya, na kwamba isiponyooshwa kabisa aliyeiandika anaweza kutafutwa. Katika kujiambia hivyo kulikuwa na ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo alikuwa ameukalia kwa miaka tisa.

*

Kwao kulikuwa Itope, kijiji cha migomba na chai, safari ya siku moja na nusu kwa basi. Huko aliishi mama yake, Tupokigwe, mjane wa miaka sabini na miwili, pamoja na Sekela, dada yake mkubwa, ambaye hakuolewa na hakupenda kuulizwa kwa nini.

Tupokigwe alikuwa na maoni tangu zamani, hata kabla hayajawa sheria. Hayakuwa na uchungu. Aliwaongelea viongozi kama mtu anavyowaongelea vijana wa ukoo waliokwenda mjini wakasahau kusalimia. Kuhusu mbunge wao, aliyeonekana kijijini mara moja kila miaka mitano, alisema ni mtu mwenye haya tu. Kuhusu waziri aliyekamatwa na mabati ya shule, alisema inawezekana nyumba yake ilikuwa inavuja.

Kuandika alijifunza akiwa na miaka hamsini na mbili. Asukile ndiye aliyemshikisha kalamu, kwenye likizo yake ya kidato cha nne, wakiwa wamekaa jikoni yeye na mama yake, daftari likiwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Alijifunza upesi, isipokuwa herufi S, ambayo aliiandika imegeuka nyuma, na kila alipoambiwa alijibu kwamba yake inatazama inakotoka.

Mwanawe alipopata kazi Wizarani, hakuna aliyepumzika Itope. "Asukile ndiye anayemsomea Msikivu," aliwaambia majirani. "Andikeni. Yupo wa kwetu kule, barua haitapotea." Wasiojua kuandika aliwaandikia yeye, kizingitini, kila mtu na zamu yake. Asukile alipoulizwa kazi yake hasa ni nini, alimwambia mama yake kwamba anasoma barua za wananchi na kuzipeleka juu. Ilikuwa kweli, kwa kiasi fulani. Alipotaka kueleza zaidi, mama yake alikuwa tayari anamuuliza kama anakula vizuri.

*

Siku ya Usikivu huadhimishwa kila mwaka kwa nchi nzima kukaa kimya dakika kumi na hotuba ya muda wa saa tatu. Mwaka huo Waziri wa Usikivu aliamua kufanya jambo jipya: kuitembelea ghorofa ya nne na kushuhudia barua ikinyooshwa mbele yake, huku redio ya taifa ikirusha tukio hilo moja kwa moja.

Mkurugenzi wa Unyooshaji, Bwana Mtutuma, hakulala siku mbili. Aliagiza meza zipigwe msasa, akaagiza wafanyakazi wavae tai za rangi ya bendera, na akamtengea Asukile kiti chenye mto. Saa nne kamili asubuhi Waziri aliingia, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, akifuatwa na watu wa redio na mtu aliyembebea miwani.

"Wananchi," Waziri aliiambia maikrofoni, "wapo wanaodhani barua zao zinatupwa. Leo nitatumbukiza mkono wangu huu, bila kuchagua, na mtasikia wenyewe."

Akautumbukiza mkono kwenye gunia, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akampa Asukile. Juu yake palikuwa na jina la kijiji tu, kwa kuwa majina ya waandishi hukatwa mapokezi ili kulinda faragha. Kijiji kilikuwa Itope.

Asukile aliifungua karatasi. Hakuhitaji kusoma. Aliziona zile herufi S, zote zikitazama nyuma, zimejipanga mstari hadi mstari kama watu wanaomgeukia mtu aliyewaita. Halafu akasoma kimoyomoyo, kwa sababu Waziri alikuwa amesimama.

"Kwa Mheshimiwa Msikivu. Shikamoo. Kwa umri mimi ni mkubwa kwako lakini nakusalimu kwa cheo. Maoni yangu ni mepesi kama mlivyosema. Zahanati yetu ina nesi mzuri. Anafungua kila asubuhi, anafagia, anatuandika majina, halafu anatuambia dawa hakuna. Huu ni mwezi wa nne. Sisi wa presha tulioandikishwa tuko kumi na mmoja. Tulikuwa kumi na wanne. Sisemi unaiba. Nasema pengine umekaa mbali na huku hukuoni, kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni asiyejua kwamba jikoni moto umezimika. Ukijua utafanya. Nikikosea kuandika nisamehe, nilianza nikiwa mtu mzima."

Watu wote walimtazama. Bwana Mtutuma alikuwa akitabasamu kwa meno ya chini. Asukile alifikiri: nitasema barua hii imelowa, haisomeki. Halafu akafikiri: watatoa kalamu, wataandika kijiji, watatuma mtu kuuliza ni nani Itope anayeandika S kinyume. Alifikiri pia, na hili ndilo lililokuja kumla baadaye, kwamba mbele ya Waziri na nchi nzima asingependa kushindwa. Alikuwa hodari. Mkono wake tayari ulikuwa umeshika kalamu, na pongezi iliyojificha ndani ya barua alikwisha kuiona.

Aliandika mistari mitatu. Kisha Waziri akamsogezea maikrofoni, naye akasoma kwa sauti:

"Wananchi wa Itope wanaishukuru Serikali kwa zahanati safi inayofunguliwa kila siku, na kwa uangalizi uliowezesha idadi ya wagonjwa wa presha kushuka kutoka kumi na wanne hadi kumi na mmoja katika kipindi cha miezi minne tu."

 Waziri alipokea miwani yake, akaifuta, akaivaa.

"Kushuka," alisema. "Hata mimi nisingeliona."

Makofi yalilipuka ghorofa ya nne, yakapokelewa na watu wa ghorofa ya tano, ambao hawakujua wanapiga makofi ya nini lakini walikuwa na uzoefu. Asukile aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Alijiliwaza kwa jambo moja. Saa nne asubuhi mama yake huwa shambani, mbali na redio.

*

Jioni alimpigia simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Miguu inaendeleaje?"

"Ipo. Inanibeba." Akahamishia simu sikio la pili. "Mwezi huu na mimi nimeandika barua. Hujaiona?"

Asukile alikuwa amesimama katikati ya chumba chake. Alitazama ukutani.

"Bado, Mama. Barua ni nyingi sana."

"Ni kweli. Nchi kubwa." Alikohoa mbali na simu, kwa adabu. "Basi itakuwa imepotea njiani."

"Dawa unazo?"

"Ninazo, usihangaike."

"Nitakutumia nyingine Jumamosi."

"Haya, baba. Ulale mapema. Sauti yako imechoka."

Kesho yake alinunua vidonge vya presha vya miezi mitatu, akavitia kwenye mfuko wa khaki. Lakini Jumamosi haikufika kama ilivyotarajiwa. Ijumaa Waziri alimwita, akamvisha nishani, akamtangaza kuwa Mnyooshaji Mkuu wa Taifa na kumwingiza kwenye msafara wa Ziara ya Utoshekaji, utakaozunguka mikoa mitano kwa siku tisa. Kituo cha mwisho kilikuwa Itope.

Itope palikuwa pamepata umaarufu. Barua ilipofika kwa wakubwa wa afya, walijadiliana na kufikia uamuzi wa busara: mahali ambapo presha inashuka yenyewe si uungwana kupaingilia kwa vidonge. Mgawo wa dawa wa Itope, ambao ulikuwa bado haujatoka, ulifutwa rasmi. Zahanati ilitangazwa kuwa Kituo Kilichotosheka cha kwanza nchini. Nesi Ambwene, aliyekuwa akifungua na kufagia, alipewa cheti na kuhamishiwa mjini ili akawafundishe manesi wengine namna ya kupunguza wagonjwa. Aliomba aachwe. Ombi lake lilipelekwa ghorofa ya nne likanyooshwa. Milango ya zahanati ilifungwa, kuta zikapakwa rangi ya bluu, na ufunguo ukahifadhiwa na Mkuu wa Wilaya mpaka siku ya kuzindua jiwe la kumbukumbu.

Asukile angeweza kuutuma ule mfuko kwa basi. Aliwaza hivyo mara mbili, na siku moja alifika hadi stendi. Lakini msafara wenyewe ulikuwa unakwenda Itope, na alipenda amkabidhi mama yake mkononi. Tena alijua kwamba akiutuma atapigiwa simu ya shukrani, na katika simu hiyo barua ingeweza kutajwa tena. Akaurudisha begini. Siku tisa, alijiambia, si nyingi.

*

Siku ya saba, katika mji uliokuwa umepambwa kwa mabango yenye masikio, Asukile aliteremka jukwaani baada ya kunyoosha barua nne mbele ya umati. Simu yake ilikuwa na miito kumi na mitatu ya Sekela.

"Mama ameanguka," Sekela alisema alipopokea. Kisha akajisahihisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kuzungusha. "Mama amefariki, Asukile."

Alimweleza kwa ufupi. Tupokigwe alikuwa akichambua maharage asubuhi, akasema kichwa kinamgonga, akaushika mlango, mkono wa kushoto ukakataa. Majirani walimtengenezea machela ya miti na mashuka. Walipita zahanati. Vijana walitaka kuvunja mlango, labda ndani kumesalia chochote, lakini mgambo aliyewekwa pale aliwaambia kwamba rangi ni mbichi na yeye ndiye aliyesaini kuilinda. Wakaendelea na njia ya hospitali ya misheni, kilomita kumi na nane. Walipofika kwenye mashamba ya chai, wale waliobeba upande wa kichwa walisema mzigo umebadilika.

Asukile alikwenda kwa Waziri kuomba ruhusa. Waziri alimshika mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya kuigiza. Waziri huyo alikuwa mwepesi wa kulia.

"Pole sana, kijana wangu. Mzazi ni mzazi." Akamgeukia katibu wake. "Tazameni jinsi mambo yanavyopangwa na Mwenyezi Mungu. Itope ipo kwenye ratiba tayari."

Kwa hiyo Asukile hakuruhusiwa kutangulia. Alikwenda kumzika mama yake kwenye gari la nne la msafara, nyuma ya gari la vipaza sauti.

*

Mkuu wa Wilaya alikuwa mtu wa utaratibu. Alikuta familia imeweka mazishi saa nne, na uzinduzi pia ni saa nne, akatatua tatizo hilo kwa kuviunganisha. Viti vya msiba vilihamishiwa zahanati, vingerudishwa baadaye. Wanawake waliokuwa wakilia waliombwa walie kabla ya wimbo wa taifa au baada ya neno la shukrani kutolewa, ila si katikati, kwa ajili ya redio. Sekela, aliyekuwa ameketi karibu na jeneza, aliletewa karatasi ya ratiba. Mama yake alikuwa kipengele cha kumi na moja, baada ya ngoma.

Jiwe lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa chekundu. Waziri alikivuta. Maneno yalichongwa vizuri: "Hapa presha ilishuka kutoka kumi na wanne hadi kumi na mmoja." Mkuu wa Wilaya alisogea haraka akamnong'oneza jambo, na Waziri akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaugeukia mkutano.

"Ndugu wananchi, nimearifiwa sasa hivi kwamba maendeleo hayakusimama. Tangu jiwe hili lichongwe, idadi imeshuka tena. Leo ni kumi."

Kikundi cha uhamasishaji kilichokuja na msafara kilipiga makofi. Watu wa Itope hawakupiga. Walikuwa wanaangalia jeneza, na baadhi yao walikuwa wanamwangalia Asukile kwa huruma, kwa sababu alikuwa amekaa meza kuu na nishani kifuani na uso wake ulikuwa hauna damu. Waziri hakuwa amefanya hesabu. Aliambiwa namba, hakuambiwa jina.

Asukile alifanya hesabu. Aliifanya mara moja, kisha akili yake ikairudia tena na tena peke yake.

Walipomwomba aseme machache kwa niaba ya familia, alisimama mbele ya maikrofoni na hakuna neno lililotoka. Alisimama muda mrefu. Mwishowe Waziri aliichukua maikrofoni kwa upole na kuwaeleza wasikilizaji kwamba Mnyooshaji Mkuu ametoa heshima ya juu kabisa ambayo nchi hii inaijua, yaani kusikiliza.

Tupokigwe alizikwa saa nane na nusu, nyuma ya migomba yake. Magari yaliondoka alasiri, yakiacha tope na chupa za maji. Asukile hakupanda. Katibu alimwandika kwenye daftari kwamba amebaki kwa furaha.

*

Sekela alikuwa uani akiosha sahani za wageni kwenye beseni kubwa. Asukile alivua koti lile lenye nishani, akaketi kwenye kigogo karibu naye.

"Dada, ile barua ya Itope iliyosomwa redioni," alisema. "Ilikuwa ya Mama."

Sekela hakuinua uso. "Najua."

"Unajua?"

"Tulikuwa ndani. Siku ile hakwenda shamba, miguu ilikuwa imevimba. Walipokutaja jina alinituma niongeze sauti."

Asukile akauliza, "Alisikia yote?"

"Yote. Mpaka makofi."

"Akasema nini?"

Sekela aliisuuza sahani, akaitazama, akaisuuza tena. "Kwanza aliwahesabu kwa vidole wale watatu, anawataja majina yao. Halafu akasema, wamemsimamia huyu, sauti yake si ile. Akasema nizime."

"Jioni nikampigia. Nikamwambia sijaiona."

"Nilikuwa nimekaa hapo hapo."

"Akaniambia imepotea njiani."

"Ulitaka akwambie nini?"

Kuku walipita kati yao wakidonoa wali uliomwagika. Asukile alilitaja lililobaki kwa shida, kama mtu anayejibonyeza jeraha. "Aliniambia dawa anazo."

"Alikuwa na nusu mbili za kidonge kwenye karatasi. Akaziacha Jumapili kwa Bibi Syaba, kwa vile yeye alikuwa na hali mbaya zaidi."

"Kwa nini hukunipigia wewe, Dada? Hata kunitukana."

"Alinikataza. Alisema ukija usiulizwe kitu. Alisema utakuwa umechoka." Sauti ya Sekela ilikatika hapo kwa mara ya kwanza tangu siku ya msiba. Akajifuta kwa kiwiko, mikono ikiwa na sabuni. "Sijakuuliza. Umesema mwenyewe."

Asukile alilia. Alilia akiwa ameinama, kwa sauti aliyokuwa hajaisikia tangu utotoni, na Sekela hakumshika bega wala hakumfukuza. Alimaliza sahani zote. Kisha aliingia ndani, akatoka na ule mfuko wa khaki aliokuwa ameuona kwenye begi la Asukile, akauweka mapajani mwake.

"Hizi haziwezi kukaa humu ndani," alisema. "Wako kumi. Zitawafaa siku tisa hivi."

*

Asubuhi iliyofuata Asukile alianza na Bibi Syaba, aliyeishi karibu na kisima. Bibi huyo alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akampa pole, akamkalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo. Asukile alimhesabia vidonge. Bibi alivifunga kwenye pindo la khanga.

"Mama yako ameniachia pengo," alisema. "Kila mwezi alikuwa ananiandikia. Hata Jumapili ile amekaa hapo ulipokaa, akaniambia, Syaba, tusichoke, mwanangu barua zetu zote amezisoma. Nikamwambia basi Mungu amweke. Na mimi leo nakushukuru kwa mdomo wangu, baba. Watu wa mjini wangezitupa."

Asukile alielewa kwamba mama yake hakumwambia mtu. Kijiji kizima bado kilikuwa kinamjua kama Tupokigwe alivyowaeleza, naye angeweza kuchukua vidonge vilivyobaki, akazunguka nyumba tisa akishukuriwa, kisha akapanda basi.

"Nilizisoma, Bibi," alisema. "Lakini hazikufika. Nilizibadilisha."

"Ulizibadilisha vipi?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, bila sentensi hata moja iliyonyooka. Alimweleza habari ya wale kumi na wanne na wale kumi na mmoja, na kiti chenye mto, na makofi. Alimwambia kwamba ile sauti redioni ilikuwa yake na barua ilikuwa ya Tupokigwe, na kwamba Tupokigwe alijua. Bibi Syaba alisikiliza mkono ukiwa shavuni.  Nje, mtu alikuwa anateka maji kisimani, na kamba ilikuwa inalia.

Bibi Syaba alifungua pindo la khanga, akavitazama vidonge, akalifunga tena. Akasimama kwa kuushika ukuta, akamtoa hadi uani.

"Kwa Mwasomola ni pale kwenye mgomba ulioanguka," alisema. "Yeye hasikii vizuri. Itabidi useme kwa nguvu."

Asukile alikuwa anaijua nyumba hiyo tangu kuzaliwa. Aliinama kuaga, akaenda.